Mfuko Mweupe na Jina Lisilotajwa

Vijana wangu mnaobaki kliniki, siku ya kuniaga mlinilisha keki tamu kupita kiasi, mkanipa blanketi, halafu mkasema, "Mama Sifa, tuandikie ulivyofanya kazi." Bon. Nimekaa hapa nyumbani Lower West Side, Buffalo, nikitazama theluji na kugombana na mume wangu juu ya hita, nikaona heri niandike. Vyeo sitavitaja, maana nilianza mkalimani na nimestaafu mkalimani. Mshahara muulizeni mume wangu, yeye ndiye aliyekuwa anaulalamikia.

Kazi yetu mnaijua. Mtu anashuka kwenye ndege na watoto wake, anakuwa mikononi mwetu, na sisi tunamsindikiza kwenye milango yote: uwanja wa ndege, nyumba, ofisi, kliniki, damu, picha ya kifua, sindano. Ni ukaguzi, tusidanganyane. Nami nilikaguliwa kabla yenu, najua baridi ya kile kiti. Lakini nimefanya kazi na watu waliokagua wenzao kwa heshima mpaka nikashangaa, na hao ndio nataka muwajue kabla sijaanza kusahau majina.

Nilianza mji wa Louisville, hukuhuku Amerika. Mimi mzaliwa wa Uvira, mji wa ziwani Kivu Kusini, nilikuwa mgeni bado, sijajua hata basi linasimama wapi, na ofisi ya kupokea wakimbizi ikanichukua kwa sababu ya Kiswahili changu, Kifaransa changu, na Kiingereza cha kuungaunga. Aliyenifundisha ni Mzee Gaspard, dereva wa ofisi, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kila akinisikia na kile changu cha Kivu anatikisa kichwa na kusema, "Dada yangu, nyinyi mmeifanya nini lugha ya watu?" Ndani ya gari lake hapakukosekana vitu viwili: chupa kubwa ya chai ya maziwa na rundo la makoti.

Siku yangu ya kwanza tulisimama chini pale abiria wanapochukulia mizigo. Watu wakatoka, wakaisha. Wageni wetu hawapo. Nikasema basi, wameachwa na ndege, turudi. Mzee Gaspard alikwenda kuomba ruhusa, tukapanda juu mpaka kwenye mlango wa ndege yenyewe, na tukawakuta. Walikuwa wamekaa kwenye viti kwa mstari, baba, mama na watoto wakubwa, kimya, kila mmoja ameweka mikono magotini. Hakuna aliyewaambia wasimame. Kambini anayetoka kwenye mstari anapoteza nafasi, na hawa walikuwa wamekaa kambini muda wa kutosha kulijua hilo vizuri. Wangekaa pale mpaka asubuhi bila kulalamika.

Binti mkubwa aliitwa Esperansi, mtoto wa kaka wa huyo baba, maana baba yake mzazi alikuwa amebaki kwao; wote watu wa milimani Kivu Kusini. Yeye ndiye aliyeshika ule mfuko mweupe wa plastiki mnaoujua, wenye karatasi zote za familia na picha za vifua vyao. Mimi na haraka zangu nikanyoosha mkono nimsaidie. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mwizi wa mbuzi, akaukumbatia. Mzee Gaspard alicheka sana.

"Dada, mfuko ule haupokelewi," akaniambia. "Unaombwa."

Akakaa pembeni ya yule baba, akamimina chai, akauliza habari za ng'ombe. Si pasipoti wala safari, ng'ombe. Waliongea juu ya ng'ombe mpaka watoto wakaanza kusinzia, na mwishowe Esperansi mwenyewe akamkabidhi mfuko. Tukawapeleka Shively, pembeni mwa Louisville, kwenye nyumba tuliyowatayarishia. Kesho yake mama yake mdogo akaniambia kwamba binti alikuwa ameuchukua tena mfuko na kuulalia kitandani. Tulicheka pamoja, na kuanzia siku hiyo Esperansi akawa ananisalimia kwa kuficha mkoba wake nyuma ya mgongo.

Kanuni ya kazi ilisema mgeni akute chakula cha moto anachokijua. Wenzetu Waamerika, watu wa kanisa, wema kabisa, siku moja walituwahi wakaleta pizza. Mzee mmoja aliitazama muda mrefu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini nani amekanyaga huu mkate. Toka hapo nilikuwa napika mwenyewe sombe, yaani kisamvu, na ugali, nabeba sufuria nimeifunga na kitenge. Mikono yangu bado inajua uzito wake.

Halafu mume wangu akapata kazi ya ghala Columbus, tukahama. Huko ndiko nilikofundishwa ukalimani wa hospitali, ule wa darasani. Sheria ni fupi: sema yote, usiongeze, usipunguze, na mtu akisema "mimi", nawe sema "mimi". Donc, mbele ya madaktari nimekuwa mjamzito mara nyingi kuliko bibi yangu, na siku moja korodani zangu ziliuma vibaya sana. Ukicheka umeharibu kazi. Mgonjwa akitukana, nawe tukana, kwa sauti ileile. Nimemtukana daktari mmoja mzuri sana kwa niaba ya mama aliyeamini kwamba damu yake inachukuliwa ikauzwe, na yule daktari alishukuru, akaleta chupa ndogo za damu, akamwonyesha moja moja zinaenda wapi na kwa nini. Mama akakunja na mkono wa pili wa gauni lake, akasema basi chukueni.

Nilikuja Buffalo uzeeni, kwa sababu binti yangu Sifa aliolewa huku. Mkiniuliza niliwezaje kuacha jua kwa ajili ya hii theluji, nitawajibu kwamba mtoto ni mtoto, hata anayejibu Kiswahili chako kwa Kiingereza. Na ni hapa kliniki nilipomkuta Wanda.

Ninyi wengi hamkumkuta. Alikuwa nesi mrefu, mwenye mvi, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, mjukuu wa Wapolandi wa mji huuhuu. Kabla ya kumgusa mtoto alikuwa anapasha moto viganja vyake kwenye hita. Hakumpima mtu aliyesimama. Alikuwa anavuta kiti, anakishusha mpaka macho yake na ya mgeni yawe sawa, anampa maji, na swali lake la kwanza halikuhusu ugonjwa. Alikuwa anauliza: "Siku ya kuondoka, nani alikusindikiza?" Watu walikuwa wanalia hapo, au wanacheka, au yote mawili. Baadaye unaweza kuwauliza choo kinaendaje na wanakujibu vizuri.

Siku moja wakati wa kula nikamuuliza alijifunzia wapi swali lile. Akaniambia habari za bibi yake, aliyeingia nchi hii msichana, kwa meli, bandari ya New York. Waliposhuka walipandishwa ngazi na mizigo yao, na juu ya ngazi madaktari wamesimama wakitazama nani anahema na nani anachechemea. Kope zao zilikunjuliwa kwa kile kindoano cha kufungia vifungo vya viatu. Aliyetiliwa shaka alichorwa alama ya chaki kwenye koti. Bibi yake aliulizwa kitu, akanyamaza, akachorwa chaki begani kama mtu asiye na akili timamu, akawekwa chumba cha pembeni na wenye alama wenzake. Alikaa humo mpaka akaja mwanamke anayejua Kipolandi, akakaa naye, akamuuliza upya. Bibi akajibu kila kitu, akaongeza na hesabu ya mashuka aliyoyaacha kwao.

"Mpaka anakufa hakuongea juu ya kile kindoano," Wanda akasema. "Aliongea juu ya yule mwanamke. Mimi nafanya kazi ya yule mwanamke."

Nikamwambia sisi siku hizi hatuna chaki. Akasema ndiyo, tuna kompyuta, na alama yake haifutiki kwa kitambaa. Halafu akanipa nusu ya mkate wake, ambao ulikuwa na kitu kichungu ndani nisichokijua mpaka leo.

Sasa niwaeleze kesi ya Nyamwiza, ile ambayo wengine mmeisikia vipandevipande.

Alikuja wakati wa baridi, mama kijana wa milimani Kivu Kusini, na binti yake Rehema, mtoto mdogo tu wa kubebwa mgongoni. Mume wake alibaki Nakivale, kambini Uganda, karatasi zake hazijakamilika. Rehema alikuwa anakohoa, amekonda, na picha ya kifua ikaonyesha kivuli. Daktari wetu wakati huo alikuwa kijana, mpole, anayesikiliza. Akamweleza mama taratibu: mtoto ana kifua kikuu, kinatibika, na mtoto mdogo hivi huambukizwa na mtu mzima aliye karibu naye. Nani alikuwa anakohoa nyumbani?

"Ni muzee ya nyumbani," Nyamwiza akasema. Alikufa? Ndiyo, kule kambini. Alitibiwa? Ndiyo, muda mrefu, dawa zikamshinda.

Hapo daktari akakaa wima. Dawa zilizomshinda mzee zilikuwa zipi? Maana kuna kifua kikuu cha kawaida, na kuna kile kisichosikia dawa ya kawaida. Tukijua jina la mzee, kliniki ya kule itatuambia. Jina lake nani?

Nyamwiza akanyamaza. Daktari akauliza tena. Akavuta kitenge mdomoni, akatazama chini.

Daktari akadhani ni hofu, na mimi nikadhani hivyohivyo. Ninyi mnajua: kule, aliyekutwa na kifua kibaya aliondolewa kwenye safari, na familia yake pamoja naye. Kwa hiyo daktari akamwahidi kwamba hakuna atakayemrudisha. Nikamfasiria, neno kwa neno. Daktari akasema, bila ukali, kwamba lazima mtoto aanze dawa leo, ataanza na ile ya kawaida, na kama ugonjwa ni ule mkaidi, tutakuwa tumepoteza wiki nyingi, na mtoto huyu hana wiki nyingi. Hiyo nayo nikaifasiri. Machozi yakamdondokea Nyamwiza kwenye mikono, lakini mdomo haukufunguka.

Daktari akanitazama mimi. Jicho lile mtalipata nanyi: huyu ni mtu wako, anaficha nini? Sheria ya kutoongeza neno ilikuwa imenifunga, lakini hata bila sheria sikuwa na la kusema. Mimi ni mtu wa ziwani. Watu wa milimani wana mambo yao, na sikuwahi kuolewa huko.

Wanda alikuwa pembeni amempakata Rehema. Akampa daktari mtoto, akavuta kiti chake, akakishusha, akampa Nyamwiza maji. Akangoja anywe. Halafu akasema, nami nikafasiri: "Nyamwiza, hili jina hulijui, au unalijua ila si wewe wa kulisema?"

Nyamwiza akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Ninaijua, mama. Haiko yangu ya kusema. Ni baba ya bwana yangu."

Ndipo akaeleza, na alipoanza hakusimama. Kwao mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji nyumbani, halitaji kisimani, hata akiomba Mungu anamwita mzee wetu. Si woga, ni heshima, na yule mzee aliistahili. Alimpokea kama binti yake. Vita ilipowakimbiza alimbeba Rehema yeye mwenyewe njia nzima, na kambini, kabla hawajajua ni kifua, ndiye aliyekuwa akimlaza mtoto pembeni yake. Sasa yuko ardhini nchi ya watu, hana hata jiwe. Kulitupa jina lake mezani, mbele ya mwanaume asiyemjua, kwake ilikuwa kama kumkanyaga. Na asipolitupa, mtoto wake anaweza kufa. Alisema hayo yote akimtazama Wanda, na Wanda akawa anaitikia kwa kichwa kabla hata sijamaliza kufasiri.

"Basi nani anaruhusiwa kulisema?" Wanda akauliza.

Nyamwiza akafikiri. Bwana wake anaruhusiwa. Tukapiga Nakivale, simu imezimwa. Tukapiga tena, imezimwa, kule chaji inatafutwa kama kuni. Halafu akasema ana wifi yake, dada wa bwana wake, huyo anaruhusiwa, baba ni wake. Yuko Amerika hapahapa. Anakaa Shively.

Simu ikapokelewa katikati ya makelele ya mashine, mtu yuko kazini ghalani. Nikajitambulisha, mimi ni mkalimani wa kliniki ya Buffalo, naitwa Mama Sifa, niko hapa na wifi yako.

"Mama Sifa? Ule ulitaka kuninyang'anya mfuko?"

Jamani, nilikaa chini. Esperansi! Sikuwa na muda wa kushangaa, nikamweleza shida. Hakuuliza mara mbili. Alisema kitu kimoja tu kwanza: mwambieni wifi yangu azibe masikio.

Nyamwiza akageukia ukuta, akajifunika kitenge kichwa kizima. Na Esperansi, juu ya makelele yale, akalitaja jina la baba yake. Hakulitaja kama tunavyotaja majina kwenye dirisha la ofisi. Alisema jina, na jina la baba wa baba, na mlima waliotoka, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde: Muhoza. Kwao maana yake ni mtu anayembembeleza anayelia. Nikalirudia kwa daktari na Wanda, polepole, herufi kwa herufi. Daktari, na mtoto wa watu mikononi, alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Wanda hakugusa kompyuta mpaka Esperansi alipomaliza kabisa.

Wanda alihangaika na simu na barua pepe mpaka kule kambini wakajibu. Ulikuwa ule mkaidi. Ile dawa ya kawaida isingefua dafu. Rehema akabadilishiwa, akalala hospitali, mama yake pembeni yake amevaa barakoa, na mimi na Wanda tukawa tunapokezana kumpelekea uji. Ilichukua muda mrefu, yule mtoto alizichukia dawa zile kama mtu mzima anavyochukia kodi. Lakini alinenepa. Mlimwona wenyewe mwaka huu, alikuwa anakimbia ukumbini mpaka nikamkaripia.

Na daktari yule, toka siku ile, mtu akinyamaza alikuwa anauliza hivi: "Kuna mtu mwingine anayeruhusiwa kunijibu?" Sijawahi kumheshimu daktari kama nilivyomheshimu huyo. Wanda alistaafu kabla yangu. Kiti chake ndicho kile chenye mguu uliofungwa utepe, msikitupe.

Sasa siku yangu ya mwisho. Mlikuwa mmeshaleta keki, mnanitafuta, mkadhani nimejificha chooni nalia. Nilikuwa mapokezi. Bwana wa Nyamwiza alikuwa amefika mwaka uliofuata ule wa ugonjwa wa Rehema, akapata kazi ya kiwanda kule Tonawanda, na Mungu akawapa mtoto wa kiume. Asubuhi hiyo bwana yuko kazini, Nyamwiza amemleta kichanga kwa sindano zake. Yule dada mpya wa mapokezi akamuuliza jina la mtoto.

Nyamwiza akanyamaza.

Nilikuwa napita na koti langu mkononi. Nilikiona kile kimya kutoka mbali, nikakitambua. Nikaelewa pia kabla sijaambiwa: bwana na dada yake wamempa mtoto jina la baba yao. Nikamuuliza Nyamwiza nyumbani anamwitaje. Akasema anamwita Muzee tu. Bwana akirudi usiku anamkuta amelala. Zinapita siku nyingi mtoto hajasikia jina lake.

Miaka yote hii sikuwahi kusema neno ambalo mgonjwa hajalisema kwanza. Nilimwambia dada wa mapokezi angoje. Nyamwiza akaniwekea mtoto mikononi, akashika ncha ya kitenge chake.

"Mama Sifa," akasema, "umuite wewe."

Nikamwangalia yule mtoto, ana paji la uso pana, analia kwa nguvu zake zote. Nikamwita kwa sauti, pale mapokezi, mbele ya watu wote.

"Muhoza."

Hakunyamaza, aliendelea kulia. Nikamtazama mama yake. Alikuwa ameinamisha kichwa, kitenge usoni, lakini safari hii hakugeukia ukuta, na masikio hakuziba.

"Tena, mama," akasema.